Peke Yake Kwenye Kabini

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa mama mkwe wake. Watu ukumbini walikuwa bado wanapiga makofi, ofisa wa jeshi bado anahangaika na pini ya nishani kwenye kitambaa kigumu cha gauni, na yule mama akachukua mkoba wake, akajitanda mtandio vizuri, akatoka kwa kupita mbele ya safu ya kwanza ili kila mtu amwone. Binti yake akamfuata huku akifyonza kwa sauti. Mwanawe mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Koplo, akabaki kitini, mikono juu ya magoti, macho kwenye ncha za viatu. Katika familia ile nzima aliyeendelea kupiga makofi alikuwa mwanawe mdogo, fundi cherehani, mume wa mwenye nishani. Naye alipiga kama mtu anayeua mbu: anapiga moja, anatazama, anapiga jingine.

Mwenye nishani alikuwa dereva wa boza la maji. Jina lake halisi lilishasahaulika hata kwa wafanyakazi wenzake. Wote walimwita Bi Klachi. Jina hilo lilianzia kwenye mafunzo ya jeshi, kwa sababu hakuweza kumvumilia dereva anayeegemeza mguu kwenye klachi bila kazi. Alikuwa akimchapa kofi la paja, awe nani. "Toa mguu! Hiyo si stuli ya kwenu!" Hata mkufunzi alishawahi kulipata lile kofi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na ulimi ambao ulikuwa ukifika mahali kabla yake.

Kilichomwinua mama mkwe kitini hakikuwa nishani. Familia ilijua kwamba nishani inakuja, na mama mwenyewe alikuwa amejigamba nayo sokoni. Kilichomwinua ni maneno aliyosoma ofisa kabla ya kuivisha. Alisoma kwamba dereva huyu, akiwa peke yake kwenye kabini ya lori, chini ya mashambulizi makali ya adui, aliwaokoa majeruhi wa magari mawili. Peke yake kwenye kabini. Na mtaa mzima ulikuwa ukijua, miaka yote, kwamba hakuwa peke yake. Koplo alikuwa ameketi pembeni yake na bunduki. Koplo mwenyewe ndiye aliyewasimulia.

Vita ilipoanza, Bi Klachi alikuwa anaendesha lori la matofali. Kuendesha alifundishwa na baba yake, dereva vilevile, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wala hakuona kwamba ana upungufu. Jeshi lilipotafuta madereva, wanaume wenye leseni walikuwa wameshachukuliwa, akachukuliwa na yeye. Alipewa lori la kubeba majeruhi kutoka mstari wa mbele mpaka hospitali ya mahema, na kwenye kabini akapangiwa askari wa ulinzi. Huyo ndiye Koplo. Walifanya kazi vizuri tu. Koplo alikuwa mcheshi, mtu wa nyimbo, na njia nzima alikuwa akisimulia habari za kwao: mama yake mkali, dada yake mwenye maneno, mdogo wake aliyekuwa akishona tangu miguu haijafika kwenye pedali ya cherehani. Bi Klachi aliijua ile nyumba kabla hajaiona.

Siku yenyewe msafara ulikuwa wa malori mawili. Barabara ilipita kwenye mkato kati ya vilima, na adui alikuwa ameshakishika kilima cha kushoto. Kombora la kwanza lilianguka kando. Lililofuata lilipiga injini ya lori la mbele. Likageuka upande, likaziba njia, likaanza kuwaka. Bi Klachi akafunga breki. Risasi zikawa zinagonga bodi ya gari kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, na majeruhi nyuma wanapiga mayowe. Akageuka kumwambia Koplo ajibu mapigo ili yeye ashuke. Akaona mlango uko wazi na kiti hakina mtu. Koplo alikuwa mtaroni, mbali, anakimbia kurudi walikotoka. Bunduki alikuwa ameiacha sakafuni.

Alimwita. Koplo hakugeuka.

Yaliyofuata, Bi Klachi hakupenda kuyasimulia, na akiyasimulia aliyafupisha kama mtu anayeelekeza njia. Alishuka, akafungua bodi ya nyuma ya lori lililokuwa likiwaka, akawashusha waliokuwa hai kwa kuwakokota makwapa, akawapakia kwenye lori lake juu ya wale wengine. Wa mwisho alikuwa amenaswa na turubai, na turubai lilikuwa linayeyuka. Hapo ndipo mkono wake wa kushoto, mkono wa gia, ulipoungua mpaka kwenye kiwiko. Kisha alipanda, akatia gia ya kwanza, akalisukuma lile lori kwa bampa la lori lake, polepole, maana ukilisukuma kwa pupa linakulalia. Likaserereka mtaroni. Akapita. Daktari aliyempokea hospitalini ilibidi ambandue vidole kwenye mpini wa gia kimoja kimoja, na ndiye aliyeandika kwamba ndani ya kabini hakukuwa na mtu mwingine.

Koplo aliokotwa na kikosi kingine, akaungana nacho. Katika vurugu za siku zile hakuna aliyemuuliza alikotoka.

Bi Klachi aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa sababu ya mkono. Begi la Koplo lilikuwa limebaki kwenye lori, na kwa kuwa kwao alikuwa anakujua kwa masimulizi, alilipeleka. Mlango ulifunguliwa na kijana mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Nyuma yake akatokea mama, akaliona begi la mwanawe mikononi mwa mtu mwingine, akapiga yowe.

"Yuko hai, Mama," Bi Klachi akawahi kusema. "Yuko hai. Tulipotezana kwenye moshi."

Hivyo ndivyo alivyosema, na hivyo ndivyo alivyoacha. Koplo aliporudi, vita imekwisha, alimkuta yule dereva ameketi sebuleni kwao anakunywa chai, na mdogo wake ameshamshonea gauni. Jioni hiyo Koplo alianza kuwasimulia ndugu zake jinsi yeye na dereva walivyopita kwenye mkato, yeye akipiga risasi dirishani, yeye ndiye aliyesema "sukuma, sukuma, usiogope." Alisimulia akimtazama Bi Klachi kwa pembe ya jicho. Bi Klachi akanywa chai yake. Vita imekwisha, alijiambia. Mtu akitaka kumdanganya mama yake, shauri lake.

Koplo aliupinga uchumba wa mdogo wake na Bi Klachi kwa nguvu zote na hakuna aliyeelewa kwa nini. Alisema mwanamke dereva hatulii nyumbani. Alisema mkono umeungua, atapikaje. Fundi akamjibu, "Nitapika mimi," na kwa kuwa Fundi alikuwa mtu ambaye kwa kawaida hajibu, mama akaona ni jambo zito, akaridhia. Wakaoana. Wakakaa katika nyumba ile ile ya familia, kwenye vyumba vya uani, wakapata mtoto wa kike. Bi Klachi akapata kazi kwenye karakana ya maboza ya maji, akajifunza kusukuma gia kwa kiganja, maana vidole vya kushoto vilikuwa havikunji vizuri tena. Naye Koplo, ile hadithi ikamlea. Ilimpa heshima kilabuni na mwishowe uenyekiti wa chama cha askari wa zamani, ambamo nusu ya madereva wa karakana walikuwa wanachama.

Jeshi likakaa miaka, kama kawaida yake, ndipo likakumbuka kumpa dereva wake nishani.

Kesho yake baada ya sherehe, mama mkwe aliita kikao sebuleni. Chai haikuletwa. Bi Klachi aliliona hilo kabla hajakaa.

"Nani aliandika yale maneno?" mama akauliza.

"Jeshi, Mama."

"Jeshi lilikuwa ndani ya gari lenu?"

"Daktari alikuwepo tulipofika."

"Umepewa nishani yako," wifi akadakia, "si ungetulia nayo? Ilikuwa lazima umvue kaka suruali mbele ya mkuu wa wilaya?"

"Mimi sikusoma kitu, wifi. Nilikuwa nimesimama nachomwa pini."

Koplo akakohoa. Alikuwa amevaa koti, ndani ya nyumba, mchana wa jua. Aliongea kwa upole, kama mwenyekiti anayefunga mkutano. "Shemeji, tusigombane. Ni kosa dogo la kiofisi. Unakwenda makao makuu, unawaambia mlikuwa wawili, wanarekebisha. Mimi sitaki nishani. Nataka jina langu tu."

Bi Klachi akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni kwa kitambo kirefu. "Tulikuwa wawili mpaka wapi, shemeji?"

Koplo akavuta kola ya koti.

"Mpaka mwisho," akasema.

"Basi nenda wewe kawaambie. Mimi nina maji ya kupeleka."

Akainuka. Mama mkwe akamwambia akiwa ameshafika mlangoni, bila kupandisha sauti, "Gwaride ni mwezi ujao. Kabla ya gwaride, yale maneno yawe yamefutwa. La sivyo utafute pengine pa kulala."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa kama kiota cha nyigu. Akianika nguo, asubuhi anazikuta chini. Akimsalimia wifi yake, wifi anaongea na kuku. Mtoto akawa anarudi kutoka kwa bibi yake na maswali ambayo si ya mtoto: "Mama, kwani wewe ulicheka na ofisa ndio akakupa dhahabu?" Bi Klachi alimkamata mkono, akataka kujua kasema nani, kisha akamwachia, kwa sababu alishajua.

Karakanani ilikuwa mbaya zaidi, maana huko hakukuwa na mtandio wa kuficha uso. Madereva waliokuwa wakimtania kwa mapenzi sasa walimtania kwa meno. Walimwita "Peke Yake." Akiingia ofisini kuchukua ratiba, mmoja anasema, "Mpisheni, Peke Yake anapita, msimguse, atawafuta kwenye historia." Asubuhi moja alilikuta boza lake limekaa chini kama ng'ombe mgonjwa, matairi ya upande mmoja yote yametolewa upepo. Siku nyingine mtu alikuwa amefungua koki ya nyuma. Maji yalikuwa yamemwagika yote na uwanja umekuwa tope. Meneja akamlaumu yeye kwa tope.

"Unagombana na watu wangu," meneja akasema.

"Watu wako wanagombana na koki. Waulize wao imewakosea nini."

"Wewe mwanamke, ulimi wako utakuponza."

"Mpaka sasa kilichoniponza ni kunyamaza," Bi Klachi akasema, akaenda kutafuta pampu ya upepo. Alijaza matairi mwenyewe. Walisimama kivulini wakimtazama, wakala chakula chao cha mchana wakimtazama, na hakuna aliyemsaidia.

Hata wateja waliingia kwenye ugomvi huo. Nyumba moja kubwa, mwenyewe ni meja mstaafu, alikuwa akimpelekea maji kila wiki tangu aanze kazi. Siku moja alipiga honi getini mpaka akachoka. Mwishowe mlinzi akachungulia kwenye kitundu. "Mzee anasema leo hana kiu."

"Mwambie maji ni ya tangi, si ya mdomo wake."

"Anasema tangi nalo halina kiu."

Aliondoka na boza limejaa. Njiani aliupiga usukani konde, kwa mkono mzima, akajiumiza.

Aliyemuuma zaidi, hata hivyo, ni Fundi. Si kwamba alisema vibaya, alikuwa hasemi. Alikuwa ameketi katikati, kati ya mama na mke, anashona. Wateja wake wengi walikuwa watu wa chama, na walikuwa wakija kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Koplo peke yake ndiye aliyeendelea kuleta kazi: alileta kitambaa kizuri cha kijani, cha sare mpya ya gwaride, akasema anataka mabega yakae sawa, maana yeye ndiye atakayeongoza safu.

Jumapili moja mchana, mtoto akiwa amelala, Fundi akazima cherehani. "Mke wangu, nakuomba kitu kimoja. Nenda kaseme mlikuwa wawili. Ni maneno tu. Hayakupunguzii kitu."

"Wewe unataka niseme hivyo?"

"Nataka nyumba ipumue."

"Hujaniuliza kama ni kweli."

Fundi akashika futi yake, akaiachia. "Ni kweli?"

Akamwambia. Alimwambia yote, mlango uliokuwa wazi, bunduki sakafuni, jinsi alivyomwita. Alimwambia akiwa amesimama, mikono kiunoni, kwa hasira, kama anayemgombeza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza akasema neno ambalo Bi Klachi hakulisahau tena: "Huenda ulikosea kuona. Kulikuwa na moshi."

"Toka," Bi Klachi akasema.

"Nini?"

"Toka nje ya chumba. Kabla sijakurushia hiyo cherehani."

Fundi akatoka. Alitoka moja kwa moja mpaka upande wa mbele wa nyumba, kwa kaka yake. Mwenyewe alikuja kusimulia baadaye. Alimkuta Koplo kibarazani anang'arisha buti, rangi ya viatu kwenye kidole, kitambaa begani. Fundi hakukaa. Alisema, "Kaka, nakuuliza mara moja tu na sitarudia. Ulishuka?"

Koplo akaendelea kusugua. Alisugua ncha ya buti, akaigeuza kwenye mwanga, akasugua kisigino. Hakukasirika. Hakusema huyo mwanamke ni mwongo. Kilichomtoka kinywani, hatimaye, kilikuwa hiki: "Sare yangu itakuwa tayari lini?"

Fundi anasema alikuwa anangoja kaka yake amtukane. Angemtukana, angemwamini.

Alirudi chumbani, akakichukua kile kitambaa cha kijani kwenye rafu, akakikunja vizuri kingo kwa kingo, kama alivyofundishwa kuwakunjia wateja, akakibeba mpaka kibarazani, akakiweka kwenye kiti kando ya kaka yake. Kilikuwa hakijaguswa na mkasi.

"Sikushonei," akasema.

Kelele zilizofuata zilimleta mama mkwe mbio, na wifi, na nusu ya majirani. Koplo sasa alikuwa amesimama, buti moja mkononi, anapaza sauti kwamba mwanamke amemlisha mdogo wake dawa, amemtenga na damu yake. Bi Klachi alisikia akiwa uani, akaja. Alikuja amevaa kanga ya kulalia na ndala, nywele hazijachanwa, na alipofika kibarazani majirani wakampisha kama anavyopishwa mtu aliyeshika moto.

"Endelea, shemeji," akasema. "Wasimulie. Wasimulie ulivyonipigia kelele 'sukuma.' Ulikuwa unanipigia kelele kutoka wapi? Kutoka mtaroni? Nilikuwa nasikia risasi, sikusikia sauti yako."

"Nyamaza!" Koplo akafoka.

"Nimenyamaza toka mwanangu hajazaliwa! Nimekunywa chai yenu nikakusikiliza unajisifu mpaka uongo ukaota mvi. Sikukuharibia kazi. Sikukuharibia jina. Mlivyoanza kunimwagia maji yangu na kumfundisha mwanangu matusi ndipo mkaniamsha. Ulikimbia. Ulifungua mlango ukakimbia, ukaniacha na watu wasio na miguu, na nilikuita kwa jina lako hukugeuka!"

Koplo aliinua lile buti. Kama alitaka kumpiga nalo au kujikinga, haijulikani, kwa sababu mama yake alimshika mkono.

"Literemshe," mama akasema. Kisha akamgeukia Bi Klachi. Macho yalikuwa makavu kabisa. "Unadhani umeniambia habari mpya?"

Bi Klachi akaikaza kanga kifuani.

"Mimi ndiye niliyemzaa. Aliporudi hakuweza kunitazama usoni. Mlango ukigongwa anaruka. Nilijua tangu wiki ile. Nilijua na nikamfunika, kwa sababu ni wangu, na ndiyo kazi yangu." Alikuwa amesogea mpaka karibu sana. "Ungedanganya pamoja nasi ningekupenda. Lakini wewe ulikaa kwangu, unakula kwangu, unajua. Kila ukipita na sinia, unajua. Kila akifungua mdomo nakutazama wewe kama utacheka. Miaka yote hiyo. Hicho ndicho ulichonikosea, na sitakusamehe."

"Mama," Fundi akasema.

"Mchukue mkeo," mama akasema. "Leo."

Koplo alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mtu mzima mwenye mvi masikioni, na buti mkononi. Majirani hawakumtazama. Hilo nadhani ndilo lililomwumiza kuliko yote aliyosemewa: kwamba walitazama chini, kwa adabu.

Walihama alasiri hiyo hiyo. Boza halikufaa kubebea vyombo, kwa hiyo waliazima mkokoteni; cherehani juu, godoro chini, mtoto juu ya godoro akiuliza bibi atakuja lini. Wakapata vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, penye kelele za nyundo mchana kutwa. Siku za mwanzo Bi Klachi na Fundi hawakuzungumza sana. Ile "huenda ulikosea kuona" ilikuwa imekaa baina yao mezani kama mgeni asiyeaga. Fundi hakujitetea. Alipika, kama alivyoahidi zamani. Ilichukua muda mrefu kabla mkewe hajamwekea mkono begani alipokuwa anashona, na hata siku hiyo alimwambia, "Usidhani nimesahau."

"Sidhani," Fundi akasema.

Gwaride likafika. Bi Klachi alikuwa hataki kwenda, lakini jeshi lilimtumia gari, na yeye hakuwahi kukataa gari. Wenye nishani walikalishwa jukwaani, juani, kwenye viti vya chuma. Kwa taratibu za jeshi, kila safu inapopita mbele ya jukwaa hugeuza nyuso na kuwapigia saluti. Walipita wanamaji, wakapita wauguzi, wakapita askari wa zamani. Mbele yao alikuwa Koplo, katika sare ya kijani iliyoshonwa na mtu mwingine. Mikono ya sare ilikuwa mirefu, imemfika kwenye vifundo vya vidole.

Amri ikatolewa. Safu nzima ikageuza nyuso, mikono ikapanda. Wakiwemo wale wa karakanani: yule wa upepo wa matairi, na yule aliyemtungia jina la Peke Yake. Walimpigia saluti wakiwa wamekaza taya. Koplo peke yake alitazama mbele. Mkono wake ulibaki ubavuni, ndani ya ule mkono mrefu wa sare, na akapita hivyo mbele ya jukwaa zima, mbele ya mkuu wa jeshi, mbele ya watoto waliokaa begani mwa baba zao.

Ofisa mmoja aliyekaa kando ya Bi Klachi akainama. "Yule ni nani? Mbona hasaluti?"

"Muulizeni mwenyewe," Bi Klachi akasema.

Wakamwuliza. Inasemekana jibu lake lilikuwa kwamba yeye hampigii saluti mke wa mdogo wake. Ofisa akataka kujua zaidi, na wa pili akataka kujua zaidi ya hapo, na zilipofunguliwa kumbukumbu za kikosi, maswali ambayo hayakuulizwa wakati wa vita yakaulizwa sasa. Hakufungwa, alikuwa ameshazeeka na vita ilikuwa imeshazeeka. Ila uenyekiti ukapewa mtu mwingine, na kilabuni wakawa wanamsogezea kiti bila kumsogezea maneno. Watu wakamwambia Bi Klachi kwamba hatimaye ameshinda. Aliwajibu kwamba hakuwa kwenye mashindano, na sauti aliyotumia iliwafanya wasirudie.

Kazini hakuna aliyemwomba radhi. Meneja alimhamishia kwenye boza jipya na kusema ni kwa sababu la zamani linavuja. Yule meja mstaafu akaanza tena kuwa na kiu. Bi Klachi alimpelekea maji kama kawaida, akavuta mpira mpaka kwenye tangi, akajaza, akakunja mpira. Meja akatoka kibarazani safari moja akasema, "Habari za kazi, mama?" Bi Klachi alifunga koki, akapanda, akaliwasha gari, akarudi nyuma taratibu mpaka barabarani, akitazama vioo vyote viwili.

Mama mkwe hakubadilika. Mjukuu alikuwa akienda kumwona siku za likizo, anarudi na nguo mpya na ujumbe hakuna. Na mpaka leo, Bi Klachi akikutana na Koplo njiani, mmoja wao huvuka upande wa pili wa barabara. Bi Klachi hajavuka hata siku moja.